Mali Namba Moja

Mtaa wa Mnadani,
Nyarubambo.
4 Mei 2026

Kwa Afisa Mtendaji,
Mamlaka ya Mji Mdogo wa Nyarubambo.

YAH: NENO "ZAWADI"

Ndugu Mtendaji,

Salamu. Mimi ni Skolastika Ntakarutimana, fundi cherehani, kibanda cha tatu ukitokea mnada wa samaki. Suruali yako ya kijivu niliikunja upindo mwezi wa pili, kwa hiyo tunafahamiana, ingawa hatujawahi kuandikiana.

Juzi nilisimama mbele ya ubao wenu wa matangazo. Nimesoma kwamba mji wetu unatimiza miaka mia, na kwamba Jumamosi ya tarehe 11 Julai kutakuwa na mahema, mgeni rasmi na meza ya vitu vya kale. Nimefurahi. Mji uliofika miaka mia bila mfereji mmoja unaopitisha maji unastahili kupigiwa makofi kwa uvumilivu.

Lakini chini ya tangazo kuna picha ya ngoma, na chini ya picha kuna maneno: "Ngoma ya kale. Zawadi ya wenyeji kwa Serikali ya Mji, 1926."

Ngoma hiyo ni ya babu yangu, Nshimirimana, aliyekuwa mteko wa mwambao huu, yaani mtu wa kugawa viwanja, kuamua mipaka na kuita watu. Babu hakuwahi kumpa mtu zawadi. Bibi alilalamika juu ya jambo hilo mpaka siku anaingia kaburini. Aanze na serikali?

Naomba mawili. Neno "zawadi" lifutwe. Na ngoma irudi kwa baba yangu, Mzee Feliksi, mwenye miaka tisini na mitatu. Hana haraka ya kufa, tusielewane vibaya. Ila amebakiwa na sikio moja, la kushoto, na daktari amesema nalo linaondoka. Anataka kuisikia kabla halijafunga mlango.

Wako katika kujenga mji,
Skolastika Ntakarutimana

* * *

MAMLAKA YA MJI MDOGO WA NYARUBAMBO
Kumb. Na. MMN/M.10/2/33
13 Mei 2026

Bi. Skolastika Ntakarutimana,
Mtaa wa Mnadani.

YAH: MAOMBI YA KURUDISHIWA NGOMA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Ofisi imepokea barua yako na kuifanyia kazi. Ngoma tajwa imeandikwa katika Daftari la Mali za Mji, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kama Mali Na. 1. Kwenye safu ya "Namna ilivyopatikana" pameandikwa: zawadi. Ofisi hii haina mamlaka ya kubadili kumbukumbu kwa sababu ya tabia ya marehemu ya kutopenda kutoa.

3. Aidha, unakumbushwa kuwa Sheria Ndogo Na. 14 ya Mji, ambayo haijafutwa, inakataza mtu yeyote kuweka ngoma ndani ya mpaka wa mji bila kibali. Hivyo hata ungekabidhiwa ngoma hiyo, usingeweza kuipiga.

4. Iwapo unao ushahidi wa maandishi unaopingana na Daftari, uuwasilishe.

5. Nakutakia utekelezaji mwema.

Meshack A. Simkoko
AFISA MTENDAJI

* * *

Mtaa wa Mnadani
18 Mei 2026

Ndugu Mtendaji,

Umeniomba ushahidi wa maandishi. Umeniomba kitu ninachokipenda.

Mimi niliishia darasa la saba. Elimu iliyobaki nimeipata kwenye karanga. Utanielewa nikikueleza kwamba kabla hujahamishiwa hapa, ofisi yenu ilisafisha masjala, na mafaili yakatolewa kwa wauza karanga na maandazi wafungie. Kwa karibu mwaka mzima mji wetu ulikula historia yake ikiwa ya moto. Wengine walitupa karatasi. Mimi nilizinyoosha kwa pasi. Nimesoma mambo ya Bwana Afya aliyekagua mitungi ya maji ya watu na kuvunja iliyomchukiza. Nimesoma habari za mawe ya mpaka, za kodi ya vibanda, na za mbwa wa Bwana Bandari aliyeuma watu watatu akaonekana hana hatia. Nimesoma jinsi baada ya uhuru walivyokuja watu wetu wenyewe, wakakalia viti vile vile. Nimesoma mabaraza yalivyofutwa mwaka 1972 na kurudi baadaye. Viti vilipotea, mihuri ikapotea, ngoma ikabaki.

Sasa soma hii. Ni tafsiri iliyoandikwa ili isomwe sokoni. Nainakili neno kwa neno:

"Mkutano wa Wakubwa wa Mji, Nyarubambo, 12 Julai 1926. Waliokuwapo: Bwana Shauri, Bwana Dakta, Bwana Bandari, na tajiri mmoja mwenye duka. Neno la kwanza: Bwana Shauri asema ngoma ya mteko yalia saa saba mchana, wakati wa mapumziko, naye hapati usingizi. Shauri limekatwa: askari waende wakaitwae, iwekwe bomani. Tena ni marufuku mtu yeyote kuweka ngoma ndani ya mpaka wa mji bila kibali. Neno la pili: mpaka wa mji uwekwe."

Angalia mpangilio, mwanangu. Ngoma ilikatazwa ndani ya mpaka kabla mpaka haujakuwapo. Mpaka uliwekwa ili marufuku ipate pa kukaa. Hiyo ndiyo siku mnayotaka kuipigia makofi: mji wetu ulizaliwa kwa watu wanne na usingizi wa mchana wa mmoja wao.

Na kuna jambo ambalo mwandishi wa tafsiri, pengine mtu wa pwani, hakulijua. Kwa Kiha ingoma ni ngoma, na ingoma ni utawala. Ni neno moja. Babu akiipiga mara tatu, watu walishuka mwaloni, ufukweni inakotua mitumbwi: kuchimba kisima, kumwonyesha mgeni kiwanja, kuamua nani kavuta nyavu mahali pa nani. Kwa hiyo siku ile pale sokoni, kila mwenye masikio alisikia tangazo hivi: ni marufuku mtu yeyote kuweka utawala ndani ya mpaka bila kibali. Walirudi nyumbani wameelewa vizuri sana. Pengine kuliko Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa boma.

Karatasi yenyewe ninayo, kwenye droo ya cherehani. Ina doa la mafuta pembeni lakini herufi zinasomeka.

Skolastika Ntakarutimana

N.B. Nimesikitika kuona kwamba mnatumia ngoma ya babu kuhifadhia ramani zilizokunjwa. Usiulize nani kaniambia. Dirisha la masjala halina pazia, na tenda ya kushona pazia hilo nimeiomba mara mbili. Sheria yenu inasema ngoma isiwekwe ndani ya mpaka wa mji. Nyinyi mmeuweka mpaka wa mji ndani ya ngoma.

* * *

Kumb. Na. MMN/M.10/2/36
27 Mei 2026

Bi. Skolastika Ntakarutimana,

YAH: WARAKA WA SERIKALI ULIO MIKONONI MWAKO

Husika na somo tajwa.

2. Nakala uliyoandika kwa mkono wako si ushahidi. Ushahidi ni karatasi halisi. Karatasi hiyo, kama ipo, ni mali ya Serikali, hata kama ilifungiwa karanga. Unatakiwa kuiwasilisha ofisini ndani ya siku kumi na nne. Kinyume chake, ofisi itachukulia kwamba haipo, na kibao cha ngoma kwenye maonyesho, chenye neno "zawadi", kitabaki kama kilivyo.

3. Ramani za mji zimehifadhiwa mahali panapofaa.

4. Kwa nia njema, ofisi imeamua kumwalika Mzee Feliksi Ntakarutimana siku ya maadhimisho kama mgeni mwalikwa. Atakaa safu ya mbele, atavishwa kofia yenye nembo ya mji, na atapigwa picha karibu na ngoma.

Meshack A. Simkoko
AFISA MTENDAJI

* * *

Nyarubambo
29 Mei 2026

Dada yangu Concilie,

Mwidiwe, salamu nyingi huko Mwamgongo. Nakuandikia barua na kumpa nahodha wa boti ya Ijumaa kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na mambo haya hayafai kusikiwa na boti nzima.

Karatasi haipo.

Ile karatasi ya 1926, niliyoinyoosha kwa pasi mpaka ikang'aa. Nilimpa baba aishike siku niliyomwandikia Mtendaji, nikisema aione hukumu ya baba yake kwa macho yake. Akaishika. Akaitazama. Nikatoka kumpimia mteja gauni la harusi. Niliporudi anavuta. Nikamwuliza, "Baba, umesokotea nini hiyo tumbaku?" Akasema, "Ile takataka ya Wazungu." Nikamwambia, "Baba, ule ulikuwa ushahidi wetu!" Akasema hakuhitaji karatasi kumwambia kitu ambacho baba yake alimwambia, na kwamba tena ilikuwa karatasi mbaya, ina ladha ya karanga.

Kwa hiyo ushahidi wetu wote umetoka kupitia pua ya mlalamikaji.

Mtendaji ananipa siku kumi na nne. Sijamwambia. Nimemwandikia kwa kiburi kama mtu mwenye sanduku zima la nyaraka, na sasa nimekaa na droo yenye vifungo na sindano. Wanataka kumvisha baba kofia, wampige picha karibu na ngoma yake, na kibao kinachosema babu aliitoa kwa hiari. Picha ikishapigwa, Concilie, uongo huo utakuwa na shahidi, na shahidi atakuwa baba.

Sikio lake linazidi kufifia. Jana nilimwita mara nne. Mara ya tano akajibu, "Kwa nini unapiga kelele?"

Nifanyeje?

Mdogo wako,
Skola

* * *

Mwamgongo
5 Juni 2026

Skola,

Nimecheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Nilimsomea shemeji yako Nehemia barua yako akatoka nje asije akanichekesha mbele ya mkwe wetu.

Sasa acha karatasi. Wewe tangu utotoni ukishapenda karatasi huoni kitu kingine. Hebu fikiri kama mtu asiyejua kusoma. Wamesema nini? Ni marufuku kuweka ngoma bila kibali. Haya. Omba kibali!

Tulipomwoza binti yetu Armelle hapo Nyarubambo, Nehemia alikwenda kuomba kibali cha ngoma ya harusi. Wakampa fomu ya zamani, imechapwa kwa mashine ile ya kugonga, nakala ya nakala ya nakala. Nehemia anaikumbuka maana alikaa nayo saa nzima. Anasema inauliza ngoma ni ipi, ikoje, ipo wapi. Na chini imeandikwa kwamba mwenye kibali ndiye mtunza wa ngoma iliyotajwa, hatamwachia mtu mwingine. Walikuwa wanataka kujua wamkamate nani kukiwa na fujo. Halafu pana sehemu ya muda, unachagua kwa kufuta.

Hakuna mahali inapouliza kama ngoma ni yako.

Nehemia anasema kama mti wa ngoma haujaliwa na mchwa, ngozi anayo. Lakini ngoma aipate mapema, ngozi mbichi haikauki kwa siku moja kwa kuwa mgeni rasmi anakuja.

Msalimie baba. Mwambie asivute kitu kingine.

Concilie

* * *

Mtaa wa Mnadani
10 Juni 2026

Ndugu Mtendaji,

YAH: OMBI LA KIBALI CHINI YA SHERIA NDOGO NA. 14

Nimetafakari barua yako. Sheria ni sheria. Naambatanisha Fomu Na. 14, niliyoijaza kwa kalamu ya wino kama inavyoelekezwa. Kwa faida ya masjala, nairudia hapa:

Jina la mwombaji: Skolastika Ntakarutimana.
Shughuli: maadhimisho ya miaka mia.
Ngoma: moja, ya mti wa mvugangoma, inafika kiunoni mwa mtu mzima, ina kovu la moto upande mmoja, haina ngozi.
Ngoma ipo wapi sasa: masjala, kona ya dirishani.
Matayarisho: kuvalishwa ngozi mpya na fundi Nehemia wa Mwamgongo, wiki mbili kabla ya siku. Ofisi haitagharamia.

Sehemu ya muda, palipoandikwa "siku moja / hadi kitakapofutwa na kikao cha Baraza", sijaigusa. Mkono wa kufuta ni wa Serikali.

Kuhusu karatasi ya 1926: ipo mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuiharibu tena.

Baba anashukuru kwa kofia. Ameuliza ina ukubwa gani.

Skolastika Ntakarutimana

* * *

Kumb. Na. MMN/M.10/2/41
19 Juni 2026

Bi. Skolastika Ntakarutimana,

YAH: KIBALI CHA NGOMA

Ofisi imefarijika kwa mabadiliko ya mtazamo wako na kwa moyo wa kujitolea kukarabati Mali Na. 1 kabla ya maonyesho. Huu ndio uraia mwema.

2. Kibali kimetolewa kama ulivyoomba, kikiwa na sahihi na muhuri. Muda umejazwa kwenye fomu.

3. Fundi aje kuichukua ngoma Ijumaa tarehe 26, saa za kazi. Ramani zitakuwa zimetolewa.

Meshack A. Simkoko
AFISA MTENDAJI

* * *

Kumb. Na. MMN/M.10/2/47
13 Julai 2026

Bi. Skolastika Ntakarutimana,

YAH: KUTORUDISHWA KWA MALI NA. 1

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Siku ya Jumamosi tarehe 11 Julai, hadi kuwasili kwa mgeni rasmi, Mali Na. 1 haikuwa imewekwa mezani. Meza ilibaki na kibao peke yake.

3. Saa saba mchana, wakati mgeni rasmi akihutubia, ngoma ilisikika mara tatu kutoka upande wa mwalo. Baada ya hapo wananchi waliondoka mahemani bila ruhusa ya mshereheshaji.

4. Unatakiwa kurudisha Mali Na. 1 ndani ya siku saba na kutoa maelezo.

Meshack A. Simkoko
AFISA MTENDAJI

* * *

(Kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari la shule)

13 Julai 2026, jioni

Shikamoo Mama,

Hiyo barua nyingine ni ya faili. Hii si ya faili. Sijaiwekea namba.

Wewe ulikuwa mwaloni, hukuona ya hemani, nikueleze. Mgeni rasmi alikuwa amefika kwenye maneno "na tangu siku hiyo wananchi wakashirikishwa". Ikalia ya kwanza. Wazee wawili wakainuka, kama watu waliosahau sufuria jikoni. Ya pili, wakainuka akina mama wa mnadani, wale wasioinuka hata kwa wimbo wa taifa mpaka wakodolewe macho. Ya tatu ikalia, na viti vikaanza kugongana. Mgeni rasmi akaniinamia: "Hawa wanakwenda wapi?" Nikasema, "Wameitwa, Mheshimiwa." Akasema, "Na nani?"

Mama, mimi nina shahada ya utawala. Nikaitazama ratiba ya sherehe.

Nikasema naenda kuwarudisha. Nikashuka mwaloni. Nikamkuta Mzee Feliksi amekaa kwenye ndoo, kofia ya mji kaivaa nyuma mbele, sikio la kushoto kalilaza juu ya ngozi, anapiga kwa kiganja taratibu. Nikamsikia akimwambia shemeji yako, "Nehemia, ina sauti ya ramani humu ndani. Itaisha." Nikasimama pale. Sikumrudisha mtu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukudhani nalijua. Fomu yako niliisoma. Mimi fomu huzisoma mara mbili. Marehemu mama yangu kule Mbozi alitia dole gumba kwenye fomu asiyoisoma, akapoteza shamba. Nilisoma "mtunza wa ngoma". Nilisoma "kona ya dirishani". Na "siku moja" niliifuta kwa rula, mstari ulionyooka, usije ukasema mkono uliteleza.

Kwa nini? Ulipoandika barua ya kwanza, nililitoa Daftari ili nikujibu na kukumaliza. Neno "zawadi" limeandikwa juu ya neno lililokwanguliwa kwa wembe. Nililipeleka dirishani, pale pasipo na pazia, nikalitazama kwa mwanga wa jua. Chini yake wino umeacha alama: "imetwaliwa". Karani wa kwanza aliandika kweli. Mwingine akaja na wembe. Niliijua kweli hiyo tangu mwezi wa tano, nikakuandikia "zawadi" na kutia muhuri. Hilo linanikosesha raha kuliko hema tupu.

Lakini wakubwa wameuliza. Jumatatu ijayo nahojiwa kwa nini nilitoa mali ya umma. Kivuli cha neno lililokwanguliwa watasema ni uchafu. Naiomba ile karatasi ya 1926. Nipe hata kwa siku moja. Bila hiyo nitakuwa mtu aliyegawa Mali Namba Moja kwa sababu ya maneno ya fundi cherehani.

Mwanao,
Meshack

* * *

OFISI YA NGOMA
Kibanda cha Tatu, Mnadani, Nyarubambo
Kumb. Na. NGM/1/1
16 Julai 2026

Ndg. Meshack A. Simkoko,
Afisa Mtendaji.

YAH: KARATASI, NGOMA NA KIKAO

Marahaba mwanangu.

Husika na vichwa vyote vya habari hapo juu. Nimeona wewe umeanza kuandika kwa mkono, nikaona basi mmoja wetu lazima awe na namba.

2. Karatasi. Haipo. Baba aliisokotea tumbaku tarehe 18 Mei, ile siku niliyokuandikia kwamba ipo drooni. Wino wa barua yangu ulikuwa haujakauka. Niliposema ipo mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuiharibu tena, sikusema uongo, lakini nilikuacha uelewe unavyotaka, na leo unaiomba ikuokoe. Naomba radhi. Sote wawili tumefanya kitu kimoja: wewe ulikuwa na kweli ukaandika zawadi, mimi nilikuwa sina tena karatasi nikaituma barua inayosema ipo drooni. Mji huu unaendeshwa na waongo wenye mwandiko mzuri.

3. Jumatatu usiende kuomba msamaha. Nenda na Daftari, ulisimamishe dirishani. Kama watasema ni uchafu, waulize uchafu gani unaojua kuandika. Na kama hawataki macho, tumia masikio. Waambie waje mwaloni, wampange mstarini kila mzee aliyeinuka kwenye kiti ile Jumamosi, wamwulize: nani alikufundisha kuinuka ngoma hii ikilia mara tatu? Ngoma hiyo ilinyamazishwa miaka mia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia. Walifundishwa na baba zao, nyumbani, kwa kugonga meza. Zawadi hairithishwi kwa kugonga meza, mwanangu. Kinachorithishwa hivyo ni kitu kilichotwaliwa.

4. Kuhusu kugawa mali ya umma. Umma ulikuwa wapi saa saba na dakika kumi? Uliuona mwenyewe. Mali imekaa na mwenyewe.

5. Siku hiyo ya mwaloni, baada ya wewe kupanda kwenda kuinama mbele ya mgeni rasmi, tulifanya kikao. Rozalia wa dagaa aliuliza tumeitwa kwa ajili gani. Baba akasema hajui, yeye alitaka kusikia tu. Watu wakacheka. Halafu Eliakimu wa nyavu akasema kwa kuwa tumeshafika, tuzungumzie mfereji. Tukazungumza. Tukakubaliana: Jumamosi tarehe 18 tunauzibua, kuanzia nyuma ya mnada mpaka ziwani, kila nyumba mtu mmoja. Hatukupiga kura kwa karatasi. Asiyekubali alibaki amekaa, na aliyebaki amekaa ni mmoja, ana mguu mbovu, akasema ataleta uji.

6. Sikio. Tangu Jumatatu baba hasikii. Nimemwita kulia, nimemwita kushoto. Lakini ukiipiga, anaweka kiganja juu ya ngozi na kutikisa kichwa, na ukikosea mdundo anakuzaba kibao. Kwa hiyo sijui niandike kwamba amepoteza sikio, au kwamba amelipeleka mahali pengine.

7. Siku saba ulizonipa zinaisha Jumatatu ile ile unayohojiwa. Ngoma hairudi. Usomee wakubwa kibali, polepole, kama kinavyosomwa sokoni: Skolastika Ntakarutimana ameruhusiwa kuweka ngoma ndani ya mpaka wa mji, naye ndiye mtunza wake, hatamwachia mtu mwingine, hadi kibali kitakapofutwa na kikao cha Baraza. Ni sheria yao. Walituachia. Hatukubadili hata nukta. Na kama kati yao kuna mtu anayejua Kiha, mwombe atafsiri neno moja tu hapo katikati, kisha umtazame usoni.

8. Kibao chenu tumekichukua kutoka kwenye meza. Tumekigeuza, tumeandika upande wa nyuma: IMETWALIWA 1926. IMERUDI 2026. Kimetundikwa mnadani. Pazia la masjala nimeshalishona, bila tenda, la kitambaa chepesi. Mwanga uendelee kupita.

9. Jumamosi njoo na koleo. Suruali ya kijivu uiache nyumbani.

10. Mwisho. Kama wakubwa wanataka kukifuta kibali, ni haki yao, wakutane. Lakini nasikia Baraza halijakutana tangu mwezi wa kwanza, kwamba barua za mwito hazifiki na wajumbe hawapatikani. Wasihangaike. Watutajie siku na saa.

Tutawapigia.

Skolastika Ntakarutimana
MTUNZA WA NGOMA